Kupima Ubora wa Antena za Redio katika Ndege: Kwa Nini Kipimo Kimoja Hakitoshi

1. Utangulizi

Rubani anapozungumza na mnara wa kuongozea ndege, sauti yake hupita katika vifaa vinne: kipaza sauti, redio, waya utokao redioni, na antena iliyofungwa nje ya ndege. Redio na kipaza sauti hukaa ndani, mahali pakavu. Antena hukaa nje. Hupigwa na upepo, mvua na baridi kali ya juu, na ikiwa imefungwa tumboni mwa ndege hurushiwa pia mawe na matope ya uwanjani. Hata hivyo, redio inapokataa kusema, kifaa cha kwanza kufunguliwa mara nyingi ni redio yenyewe, na antena hufikiriwa mwishoni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ubora wa antena ya ndege unavyopimwa, na kila kipimo kinasema nini na kinanyamaza juu ya nini. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuthibitisha peke yake kuwa antena ni nzima. Antena huweza kufaulu mtihani wa uwanjani ikashindwa angani, mahali ambapo hakuna fundi wa kuitazama.

Maelezo yatahusu hasa antena ya mazungumzo ya VHF, ambayo ndiyo itumikayo kila siku katika ndege za kiraia. Neno masafa litatumika kwa maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, kama lilivyozoeleka katika lugha ya redio. Mazungumzo ya ndege katika VHF hufanyika kwenye masafa ya megahezi 118 hadi 137. Kwa urefu wa njia kati ya sehemu mbili litatumika neno umbali, ili maana hizo mbili zisichanganywe.

2. Antena ni nini, na inaulizwa nini

Kati ya mwaka 1886 na 1888, mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha kwa majaribio kwamba umeme unaotetema katika waya huzaa mawimbi yanayosafiri hewani bila waya wowote. Antena ya leo hufanya kazi hiyo hiyo: hugeuza umeme kuwa mawimbi wakati wa kusema, na hugeuza mawimbi kuwa umeme wakati wa kusikiliza.

Urefu wake hautokani na hiari ya mtengenezaji. Mawimbi husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la megahezi 127 lina urefu wa meta 2.36. Antena iliyo rahisi kuliko zote katika ndege ni fimbo yenye robo ya urefu huo, yaani sentimeta 59. Fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la mwili wa ndege lililo chini yake, ambalo umeme hutawanyika juu yake pande zote. Kwa sababu hiyo, kutu au rangi ikiingia kati ya kitako cha antena na bati, ni sawa na kuikata antena nusu. Na katika ndege za mbao, za kitambaa au za nyuzi za kioo, hapana budi kuwekwa bati au wavu wa chuma ndani, wenye upana wa karibu robo ya wimbi kila upande.

Anayepima antena huwa anauliza maswali matano. Kwanza, je, antena inapokea nguvu yote inayoletwa na waya, au inairudisha redioni? Pili, nguvu iliyopokelewa inageuka kuwa mawimbi, au inapotea kama joto? Tatu, mawimbi yanatupwa pande zipi, na pande zipi zinanyimwa? Nne, mawimbi yanatetema wima au kwa kulala? Tano, antena inaokota kelele kiasi gani kutoka ndani ya ndege yenyewe? Kila kipimo kinachofuata hujibu swali moja au mawili. Hakuna kinachojibu yote matano.

3. Vipimo vya uwanjani

Kipimo cha kwanza ni macho. Ufa katika ganda la antena, skrubu iliyolegea, mafuta yaliyotiririka kutoka injini, rangi iliyopakwa tena na tena na watu wasiojua: yote hayo huonekana kabla ya chombo chochote kuletwa. Baada ya macho huja kipimo cha mshikamano wa umeme kati ya kitako cha antena na bati la ndege. Ukinzani wake unatakiwa uwe mdogo mno, kiasi cha sehemu chache kati ya elfu za omu moja.

Kipimo cha tatu ndicho maarufu kuliko vyote, nacho ni uwiano wa mawimbi yaliyosimama. Nguvu inapofika kwenye antena isiyolingana na waya, sehemu yake hurudi nyuma. Wimbi liendalo na wimbi lirudilo hukutana ndani ya waya na kufanya wimbi moja lisilosogea, lenye vilele na mabonde. Uwiano kati ya kilele na bonde ndio unaosomwa. Uwiano wa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Uwiano wa 2 maana yake asilimia 11 ya nguvu inarudi. Uwiano wa 3, asilimia 25. Uwiano wa 5, asilimia 44. Kipimo hakisomwi kwenye masafa moja tu, bali mwanzoni, katikati na mwishoni mwa megahezi 118 hadi 137, kwa kuwa antena huweza kuwa nzuri katikati na mbaya pembeni.

Mtu anayesikia kwamba robo ya nguvu inarudi huogopa. Lakini tazama matokeo yake: nguvu ikipungua kwa robo, umbali wa kusikika hupungua kutoka kilometa 100 hadi 87 tu. Hasara hiyo pekee haiwezi kuinyamazisha ndege. Thamani ya kipimo hiki ni kama ile ya kupima joto la mgonjwa. Homa huonyesha kwamba kuna jambo, wala haitaji ugonjwa. Tena yapo maradhi makubwa yasiyoleta homa kabisa.

Mfano wa maradhi hayo ni huu. Fundi akiondoa antena na kufunga mahali pake kikinzani cha omu 50, kinacholingana na waya wa redio, kipimo kitasoma 1, yaani ukamilifu. Hakuna nguvu inayorudi, lakini pia hakuna wimbi linalotoka: nguvu yote inageuka kuwa joto. Antena iliyoingiwa na maji kitakoni huweza kuelekea hali hiyo hiyo. Kipimo kikapendeza, na sauti ikafifia.

Mfano wa pili unahusu waya. Tuseme waya umezeeka, maji yameingia ndani yake, na sasa unameza nusu ya nguvu inayopita. Antena yenye uwiano wa 3 imefungwa mwisho wake. Nusu ya nguvu humezwa wakati wa kwenda. Robo ya kinachofika hurudishwa na antena, na nusu ya hicho kinachorudi humezwa tena njiani. Kinachoifikia redio ni sehemu moja tu kati ya 16 ya nguvu iliyotumwa, na chombo kilichofungwa upande wa redio kitasoma uwiano wa 1.67. Ugonjwa wa waya umeficha ugonjwa wa antena, na fundi atatia saini kwa moyo mweupe. Hata antena ikikatika kabisa, chombo hicho hakitasoma zaidi ya 3. Kwa hiyo mpimaji mwenye hadhari hupima mara mbili: mara ya kwanza akiwa upande wa redio, mara ya pili akiwa kwenye kitako cha antena, na waya huupima peke yake.

4. Udanganyifu wa ukaribu

Baada ya matengenezo, desturi ni rubani kuita mnara na kuuliza kama anasikika. Mnara hujibu kwamba sauti ni safi, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Jaribio hilo lina faida yake, kwa maana linaonyesha kwamba redio inasema na kusikia. Juu ya antena halisemi karibu lolote.

Sababu ni sheria ya umbali. Umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inayopokelewa hupungua mara nne; ukizidishwa mara 100, hupungua mara 10,000. Ndege iliyo kilometa moja kutoka mnarani ina ziada kubwa mno ya nguvu. Antena iliyopoteza asilimia 99 ya nguvu yake, ikiwa kilometa moja kutoka mnarani, husikika sawasawa na antena nzima iliyo kilometa 10. Msikilizaji wa mnarani hawezi kutambua tofauti.

Historia ya urukaji ina kisa kinachofundisha jambo hili kwa uchungu. Tarehe 2 Julai 1937, rubani Mmarekani Amelia Earhart na mwelekezi wake Fred Noonan waliondoka Lae, katika New Guinea, kwa ndege ya Lockheed Electra, wakielekea kisiwa kidogo cha Howland katikati ya Bahari ya Pasifiki. Meli ya Itasca, ya walinzi wa pwani wa Marekani, ilikuwa ikiwasubiri huko. Asubuhi ile meli ilimsikia Earhart vizuri, na sauti ikazidi kuwa na nguvu kadiri ndege ilivyokaribia. Yeye hakuisikia meli, isipokuwa mara moja aliposema kwamba amepokea ishara zake kwenye kilohezi 7500, lakini hakuweza kupata kutoka kwazo mwelekeo wa meli. Ndege haikuonekana tena.

Siku moja kabla ya safari hiyo, katika jaribio la angani huko Lae, kifaa chake cha kutafutia mwelekeo hakikufanya kazi ipasavyo. Kosa halikutafutwa zaidi, kwa kudhaniwa kwamba kituo cha Lae kilikuwa karibu mno na chenye nguvu mno. Huenda dhana hiyo ilikuwa sahihi. Lakini jaribio lililoshindwa kwa sababu ya ukaribu lilitakiwa kurudiwa kwa mbali, nalo halikurudiwa. Wachunguzi kadhaa wamedai pia kwamba antena moja iliyokuwa chini ya ndege iling'oka wakati wa kuondoka Lae. Jambo hilo halijathibitishwa, na chanzo cha kupotea kwa ndege hiyo hakijulikani kwa uhakika. Lililo dhahiri ni hili: kusikika ni jambo moja na kusikia ni jingine. Kila moja linahitaji jaribio lake.

5. Kivuli cha ndege

Hata antena isiyo na kasoro haitupi mawimbi sawasawa pande zote mara inapofungwa kwenye ndege. Mkia, mabawa, injini na magurudumu huzuia mawimbi kama mti unavyozuia mwanga. Antena iliyo mgongoni husema vizuri na mbingu na upeo wa macho, lakini kituo kilicho chini kabisa ya ndege kimo katika kivuli cha mwili wake. Antena iliyo tumboni ina hali kinyume chake: ndege ikiwa ardhini, imebanwa kati ya tumbo na lami, ikiwa angani, magurudumu yakiteremshwa huweza kuikingama mbele. Ndiyo maana ndege nyingi zenye redio mbili huwekewa antena moja juu na ya pili chini.

Ili kuchora ramani ya vivuli hivyo, wahandisi hutumia njia tatu. Ya kwanza ni mfano mdogo. Ndege ya mfano iliyopunguzwa mara 10 hupimwa kwa masafa yaliyoongezwa mara 10, yaani megahezi 1270 badala ya 127; kwa kuwa wimbi nalo limefupishwa mara 10, kivuli hubaki na umbo lile lile. Mfano huo huzungushwa polepole katika chumba ambacho kuta zake hunyonya mawimbi bila kuyarudisha. Njia ya pili ni hesabu kwa kompyuta: mwili wa ndege hugawanywa katika vipande vidogo, na umeme wa kila kipande hutafutwa kwa kuzingatia vipande vingine vyote. Njia ya tatu ni ndege halisi angani. Njia mbili za kwanza hutabiri. Ya tatu huhukumu.

Mwelekeo wa mtetemo nao haupuuzwi. Mazungumzo ya VHF hutumia mawimbi yanayotetema wima, kwa hiyo antena yake husimama. Vituo vya VOR vya kuelekeza ndege, na vile vinavyoonyesha mstari wa kutua, hutumia mawimbi yaliyolala kwenye masafa ya megahezi 108 hadi 118. Antena zake hulazwa, na mara nyingi huonekana mkiani zikiwa na umbo la herufi V. Antena iliyosimama ikitakiwa kupokea wimbi lililolala hupokea sehemu ndogo tu, hata ikiwa nzima kabisa.

6. Jaribio la angani

Jaribio la angani hufuata utaratibu uliokubaliwa. Miongozo ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa mfano, hutaka ndege iende umbali wa maili za baharini 160, yaani kilometa 296, kutoka kwenye kituo. Kwa ndege zisizoruka juu ya futi 18,000, umbali ni maili 80. Huko ndege huzunguka duara zima ikiwa imeinama walau nyuzi 10, huku mazungumzo yakiendelea. Duara hilo hulazimisha kila upande wa ndege kukitazama kituo kwa zamu, na kivuli kikiwapo hujitokeza: sauti hufifia ndege inapoelekea upande fulani, kisha hurudi.

Urefu wa kuruka huchaguliwa kwa hesabu. Mawimbi ya VHF hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Umbali yanaoweza kufika, kwa kilometa, ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa ndege kwa meta. Ndege iliyo meta 1,000 juu ya ardhi hufika kilometa 130. Iliyo meta 10,000 hufika kilometa 412. Ndege ikiwa chini mno, ukimya utatoka kwenye mviringo wa dunia, na antena italaumiwa bure.

Katika safari hiyo hiyo husikilizwa kelele. Kikulacho ki nguoni mwako: taa, pampu, jenereta na vyombo vingine vya ndege huweza kuifunika sauti dhaifu itokayo mbali. Vyombo huwashwa kimoja kimoja, na kila mara redio husikilizwa. Umeme tuli unaojikusanya kwenye bati ndege inapopita katika mawingu na mvua huleta kelele pia. Ndiyo sababu ya vile vijiti vyembamba vinavyoonekana nyuma ya mabawa, ambavyo kazi yake ni kuutoa umeme huo taratibu.

7. Jambo hili katika anga ya Kongo

Kwa msomaji wa Kongo, hesabu hizi zina uzito wa pekee. Kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1,500. Ndege iliyo meta 10,000 juu husikika na mji wa kwanza kwa kilometa 412, na na mji wa pili kwa kilometa 412. Kama hakuna vituo vya katikati, karibu nusu ya njia imo nje ya uwezo wa VHF ya miji hiyo miwili. Redio ya HF, ambayo mawimbi yake hurudishwa ardhini na tabaka za juu za anga, huweza kuziba pengo hilo, lakini ngurumo za nchi za joto huijaza kelele.

Kwa sababu ya mapengo ya namna hiyo, IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, ilipendekeza utaratibu kwa sehemu nyingi za anga ya Afrika: marubani hutangaza wenyewe kwenye megahezi 126.9 mahali walipo, urefu wanaoruka na njia wanayofuata, ili ndege zilizo jirani zisikie. Hapo hakuna mnara wa kuuliza kama sauti ni safi. Antena ya ndege moja inazungumza na antena ya ndege nyingine.

Tuchukue ndege mbili zinazokutana, kila moja ikienda kilometa 900 kwa saa, zote zikiwa meta 10,000 juu. Kila dakika umbali kati yao hupungua kwa kilometa 30. Mviringo wa dunia unaziruhusu kusikilizana kuanzia kilometa 824, yaani dakika 27 kabla ya kukutana. Antena mbovu ya mmoja ikipunguza umbali huo mara 10, hadi kilometa 82, zinabaki dakika chini ya tatu za kusikiliza tangazo, kulielewa, kulijibu, na kuhakikisha kwamba ndege hizo mbili hazimo katika urefu mmoja. Na rubani mwenye antena mbovu huenda asijue lolote, kwa maana asubuhi ile mnara ulimjibu kuwa sauti yake ni safi.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba macho huonyesha majeraha ya nje. Kipimo cha mshikamano huonyesha kama bati linafanya kazi yake ya nusu ya pili ya antena. Uwiano wa mawimbi yaliyosimama huonyesha nguvu inayorudi, wala si ile inayotoka. Mfano mdogo na kompyuta hutabiri vivuli. Na duara la angani, kwa mbali, huthibitisha yote kwa pamoja. Kila kipimo ni shahidi wa jambo moja. Kosa hutokea pale shahidi mmoja anapoulizwa juu ya mambo asiyoyaona, hasa shahidi aliye rahisi kupatikana kuliko wote, yaani mnara ulio karibu.

Wapo wasemao kwamba mambo kama haya hayasemeki ila kwa lugha za kigeni. Maneno yaliyotumika hapa, kama wimbi, kivuli, mshikamano, uwiano na mviringo, mengi ni ya kila siku. Fundi anayeweza kumweleza rubani kwa maneno hayo nini kimepimwa na nini hakijapimwa amemfanyia kazi kubwa kama ile ya kukaza skrubu, kwa kuwa rubani anayejua mpaka wa kipimo hataridhika na jibu la mnara ulio mbele yake. Ataomba jibu kutoka mbali kabla ya kwenda mbali.